Jicho la Mkuu na Maarifa ya Wenziwe: Habari za Kazi ya Misheni Unguja na Masasi

Katika mwaka wa Jubilei ni desturi kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliowekewa mikono, shule zilizofunguliwa, na makaburi ya waliotutangulia. Hesabu hiyo ni njema. Lakini liko jambo jingine lisilohesabika kwa urahisi, nalo ndilo nitakalo kulieleza hapa: watu waliofanya kazi pamoja katika Misheni walipeanaje maarifa? Mmoja alijua lugha, wa pili alijua kujenga, wa tatu alijua njia za bara, wa nne alijua mila za wazee. Mara nyingine maarifa hayo yalitoka kwa mtu mmoja yakawafikia wote. Mara nyingine yalikaa kifuani mwa mwenyewe hata akazikwa nayo.

Msomaji atauliza, sababu ya tofauti hii ni nini? Wengine husema ni tabia ya watu: huyu mkarimu, huyu mchoyo. Mimi, nikisoma habari za miaka ya kwanza, naona sababu nyingine ikirudi tena na tena. Watu humletea mkuu wao kile wanachoona kwamba macho yake yanakitafuta. Akiuliza maneno, huletewa maneno. Akiuliza hesabu, huletewa hesabu. Na jambo asilolitazama, hata kama hakulikataza, watu huliweka kando, kwa kuwa wamekwisha kujua kwamba halina mwenye kulipokea.

KUFIKA UNGUJA

Misheni ya Vyuo Vikuu ilitokana na hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge, mwezi wa Desemba 1857. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, aliingia bara kwa njia ya mto Shire mwaka 1861, akafa kwa homa tarehe 31 Januari 1862. Aliyemfuata, William Tozer, aliona kwamba kazi haiwezi kusimama kule kwa wakati ule, akaihamishia Unguja. Alifika mwisho wa Agosti 1864, naye alifuatana na kasisi mmoja aliyekuwa amesomea sheria, jina lake Edward Steere.

Muda si mrefu Seyyid Majid akawapa watoto watano waliotolewa katika chombo cha watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwekwa shemasi mwaka 1879.

Fikiri hali ya nyumba ile. Wazungu walikuwa na vitabu vya Dk. Krapf, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka 1850, lakini Krapf aliandika Kiswahili cha Mombasa, na maneno mengi ya Unguja hayakuwamo. Watoto walikuwa wametoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili chenyewe walikuwa wakijifunza. Watu wa mji walijua Kiswahili safi, walakini hawakuwa na sababu ya kuwafundisha wageni hawa wenye dini nyingine. Basi kila upande ulikuwa na sehemu ya maarifa, wala hapakuwa na mmoja aliyekuwa nayo yote.

MTU ALIYEULIZA MANENO

Steere alianza kuuliza. Hakuuliza kwa ajili ya mahitaji ya siku tu, kama mgeni aulizavyo bei ya samaki. Aliuliza neno hili latumikaje, na lile latofautianaje na hili, na mtu wa Unguja angalisemaje mahali ambapo mtu wa Mvita husema vile. Watu wa mji wakaona kwamba mtu huyu anataka kujifunza lugha yao hata ndani, wala si kuokota maneno machache ya kuamrisha watumishi.

Katika wale waliomsaidia alikuwamo Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa mwaka 1838, aliyekuwa kadhi na mwanachuoni mashuhuri wa Unguja. Wawili hawa walijadiliana habari za dini, na kila mmoja alibaki katika imani yake. Hata hivyo ni Sheikh huyu aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu katika Kiswahili kilicho bora. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Mwanachuoni wa Kiislamu hakuwa chini ya amri ya Misheni, wala hakuhitaji ujira wake, wala hakukubaliana na shabaha yake. Mbona alitoa? Nadhani ni kwa sababu alikutana na mtu aliyemjia kama mwanafunzi amjiavyo mwalimu, na kuuliza jambo ambalo Sheikh mwenyewe alilipenda, yaani usafi wa lugha. Mwenye elimu hufurahi kuulizwa kile anachokijua sana.

Ndivyo ilivyokuwa na hadithi pia. Steere hakuandika hadithi kwa maneno yake mwenyewe. Aliziandika kama zilivyotoka vinywani mwa wasimulizi, nazo zikatoka London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna kisa cha Sultani Darai na yule paa, na kisa cha punda wa dobi, na habari za Liongo. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kufundisha lugha ya Unguja, na katika dibaji yake akawataja watu wa Unguja waliomsaidia. Jambo la kutajwa jina si dogo. Mtu aonaye kwamba alichotoa kimeandikwa kuwa ni chake, na kimerudi kwake kimepigwa chapa, kesho huleta kingine. Lakini mtu aonaye maneno yake yametoka kwa jina la mkuu, siku ya pili husema hajui.

Kisha ule ulizi wa Steere ukapita mipaka ya Kiswahili. Alitoa mkusanyo wa maneno ya Kisambaa mwaka 1867, na ya Kiyao mwaka 1871, na ya Kimakonde mwaka 1876. Maneno hayo yalitoka kwa wenyeji wa nchi zile, na wengi wa namna yao, mjini Unguja, walihesabiwa kuwa wachukuzi na watumwa tu. Kumbe kila mmoja alikuwa na nchi nzima kichwani mwake, ila hajapata mtu wa kumwuliza.

CHUMBA CHA CHAPA

Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wavulana wa shule walifundishwa kazi hiyo. Walipanga herufi za risasi moja moja, wakazifunga, wakazipaka wino, wakatoa karatasi ya kwanza ya kusahihishwa. Kwa njia hiyo vilitoka vitabu vya shule na vya sala, pamoja na sehemu za Maandiko.

Kazi ya chapa ina tabia yake. Kwanza, mmoja hawezi kuifanya peke yake: mwenye kufasiri, mwenye kupanga herufi, mwenye kusoma na mwenye kusahihisha, wote wanategemeana. Pili, kosa la mmoja huonekana na wote, maana limo karatasini. Tatu, yule apangaye herufi, ingawa ni mdogo katika cheo, ndiye asomaye polepole kuliko wote, kwa kuwa kila neno hulipitisha vidoleni mwake. Akiwa ni mtu azungumzaye Kiswahili kutwa, atajua mara moja kwamba neno fulani watu hawalisemi hivyo.

Je, atasema? Hapa ndipo penye fundo. Mkuu ajaye mlangoni na kuuliza, “Mmemaliza kurasa ngapi?” atapata kurasa nyingi, na makosa yamo ndani yake, kwa maana kijana amejua kwamba kinachotakiwa ni wingi. Mkuu aulizaye, “Nani amefanya kosa hili?” atapata ukimya, na kila mmoja atamtazama mwenziwe. Bali mkuu aulizaye, “Neno hili lakaa sawasawa sikioni mwako?” huyo amemfanya yule kijana kuwa mwalimu wa saa moja, naye atasema. Chumba ni kile kile na watu ni wale wale, bali maarifa yatokayo kwa maswali hayo matatu hayafanani.

Steere alikuwa mtu wa kusahihisha tena na tena, na shabaha yake ilijulikana na wote: Kiswahili ambacho mtu wa Unguja akisikiapo hatacheka. Matunda yake yalidumu. Baada ya kufa kwake mwezi wa Agosti 1882 wenziwe waliendelea, na Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lugha ya kutumika katika shule za Afrika ya Mashariki, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini mojawapo bila shaka ni kwamba vitabu vyake vilikuwapo tayari.

MAHALI AMBAPO JICHO HALIKUFIKA

Haifai kusifu upande mmoja tu. Jicho la mkuu ni kama taa ya mkononi: huangaza vizuri mahali linapoelekea, na mahali pengine pote pabaki giza.

Kanisa la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na jiwe la msingi liliwekwa siku ya Noeli 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Steere mwenyewe alisimamia ujenzi. Wageni waingiao huonyeshwa nguzo kadhaa zilizosimamishwa juu chini, nao husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa safarini. Kama ndivyo ilivyokuwa, somo lake ni wazi. Mafundi wale hawakuwa wajinga: walijua mawe na chokaa kuliko wengi. Lakini namna ya nguzo zile ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na alipoondoka akaondoka nayo. Maarifa yamepaswa kupanda kwa mkuu, na vile vile yamepaswa kushuka kutoka kwake.

La pili ni zito zaidi. Wale watoto waliotolewa katika majahazi walikuwa na maarifa ambayo mtu mwingine ye yote hakuwa nayo: jinsi walivyokamatwa, nani aliwauza, kwa thamani gani, walipita mito na vijiji gani, mama alilia nini. Miaka ya kwanza wakuu walitazama yale ambayo watoto hawa wangekuwa baadaye, yaani wasomaji, walimu, mashemasi. Lilikuwa tazamio jema lenye matumaini. Lakini mtoto aliyeulizwa kila siku habari za kesho, asiulizwe habari za jana, huona kwamba jana yake haina kazi katika nyumba hii. Wengi walipewa majina mapya, wakakua, wakafa, na habari zao zikaenda pamoja nao.

SWALI JIPYA KATIKA NYUMBA ILE ILE

Kisha katika shule ya Kiungani alikuwapo mwalimu Arthur Cornwallis Madan, ambaye baadaye alitoa kamusi za Kiswahili, mwaka 1894 na mwaka 1903. Yeye aliwauliza wavulana swali jingine. Aliwataka waandike kwa mikono yao habari za makwao na za safari zilizowafikisha Unguja. Wakaandika. Habari hizo alizifasiri kwa Kiingereza, zikatoka London mwaka 1887 katika kitabu kilichoitwa kwa jina la Kiungani, na katika ukurasa wake wa kwanza imesemwa kwamba ni maandiko ya wavulana wa Misheni.

Yatupasa tuangalie hapa. Wavulana wa namna hii walikuwamo nyumbani tangu 1864. Miaka ishirini na zaidi ilipita. Hakuna aliyewakataza kusimulia. Lakini habari hizo hazikutoka hata alipopatikana mkuu aliyezielekezea macho, akazipa kalamu, karatasi na nafasi katika saa za shule. Siku ile ikaonekana kwamba hazina ilikuwa haina kufuli hata kidogo, ila haikuwa na mwenye kubisha hodi.

Walakini hata jicho hili lilikuwa na mpaka wake. Kitabu kile ni cha wavulana. Kule Mbweni walikuwapo wasichana na wanawake waliokombolewa, na shule yao ilitunzwa na Caroline Thackeray tangu 1877 hata 1902. Nao walipita njia zile zile, na wengine njia zenye uchungu zaidi. Katika kitabu kile sauti yao haimo.

Mwaka 1888 likatokea jambo jingine huko Kiungani, nalo ni gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Wanafunzi waliomaliza masomo walikuwa wametawanyika katika vituo vya mbali, kila mmoja akifanya kazi katika upweke wake. Sasa waliandika habari za vituo vyao, zikapigwa chapa, zikarudi kwa wote. Zamani mwalimu wa Masasi aliyepata shida alimwandikia mkuu wake peke yake, na jibu likaishia kwake. Kwa gazeti hili mwalimu aliweza kusoma habari za mwenziwe wa kituo kingine, akajua kwamba shida yake si yake tu. Mkuu hakuwa tena kisima cha pekee ambacho lazima kila ndoo ipitie. Akawa mtu achimbaye mfereji, maji yapate kwenda kutoka shamba hata shamba.

WAZEE WA MASASI

Masasi ilianza mwaka 1876. Steere aliongoza watu waliokombolewa kutoka Unguja, wakitaka kurudi upande wa Nyasa, nao wakaishia hapo. Waliowazunguka walikuwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, na kwao jando ndilo lililomfanya mvulana kuwa mtu. Wamisionari wengi wa kwanza walilitazama jando kwa hofu. Basi likatokea lile ambalo hutokea siku zote mkuu atazamapo jambo kwa jicho la kuhukumu: Wakristo waliendelea kupeleka watoto wao, lakini kwa siri, na mwalimu wa Kiafrika aliyejua yote alinyamaza. Padre alidhani hakuna jambo. Jambo lilikuwapo, ila lilikuwa limehamia mahali asipoona.

Vincent Lucas alifanya kazi Masasi kabla ya kuwa Askofu wake wa kwanza mwaka 1926. Yeye, pamoja na mapadre wa Kiafrika waliozaliwa katika mila hizo, alibadili swali. Badala ya kuuliza, “Tulizuieje?” waliuliza, “Lina maana gani, na lipi ndani yake lafaa kwa Mkristo?” Kabla ya vita vya 1914 jando la Kikristo lilikuwa limekwisha kufanywa. Kwa swali hilo wazee walipata nafasi ya kusema, na mapadre wale wakawa daraja kati ya pande mbili, wala si mashahidi walionaswa katikati.

Hata hapa tusijidanganye. Mkuu asemapo, “Lipi lafaa?” ameweka mlango, na mlango huingiza na kuzuia. Yaliyompendeza yalisemwa mbele yake, na yale ambayo wazee walijua kwamba hayatampendeza yalikuwa na kila sababu ya kurudi porini. Tena jambo lililokuwa la wazee likawa, kwa kiasi fulani, jambo la mapadre. Hiyo ndiyo gharama. Yastahili kutajwa, ingawa swali la Lucas lilikuwa bora kuliko lile lililotangulia.

YATUPASAYO LEO

Tukiyaweka mambo haya pamoja, yale ya chumba cha chapa, ya Kiungani na ya Masasi, twaona njia moja ipitayo kati yake. Kuamuru watu washirikiane kwa maarifa ni kazi bure. Mkuu aweza kuitisha mikutano kila juma na kuhimiza kila mtu aseme, na watu wakatoka kama walivyoingia. Wao hawatazami amri yake, hutazama macho yake. Hutazama anasoma nini kwanza katika taarifa, anamsifu nani, anamkatiza nani, anauliza nini mara ya pili.

Leo kazi zetu ni nyingi. Tuna shule na hospitali, ofisi za Dayosisi, vyama vya akina mama, miradi ya maji na mashamba. Katika kila kazi yumo mtu mfano wa yule kijana wa chapa, aonaye kosa polepole vidoleni mwake. Mwuguzi wa zamu ya usiku ajua ni dawa gani hukwisha kabla ya mwezi kwisha. Mlinzi ajua ni wagonjwa gani hurudi nyumbani bila kuonana na mganga. Karani ajua ni risiti zipi haziandikwi. Mkuu atazamaye fedha tu atajua fedha, na hayo mengine atayajua siku yaharibikapo.

Basi kila aliyepewa usimamizi na ajipime kwa maswali machache. Mwezi huu nimeuliza nini mara nyingi kuliko yote? Ni nani katika kazi hii ambaye sijamwuliza neno kamwe? Yule aliyeniletea habari mbaya mara ya mwisho, alitoka kwangu akiwa na uso gani? Na lile nilijualo mimi peke yangu, nikisafiri kesho, nguzo zitasimama vipi?

Nayo yafaa mkuu aigeuze taa yake mara kwa mara, maana hakuna mtu awezaye kutazama pande zote kwa wakati mmoja. Steere alitazama maneno, Madan akatazama maisha ya wavulana, Lucas akatazama mila. Kila mmoja alipata kile alichokitazama, na kila mmoja aliacha kitu kwa atakayekuja nyuma. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tuliorithi kazi hii na tuongeze kwamba kutouliza ni hasara, na hasara hiyo haiandikwi katika daftari yo yote, kwa sababu kilichopotea hatukukijua.

Bado wako wazee katika mitaa yetu ambao babu zao na bibi zao walikombolewa. Wako wakunga, wako mafundi wa mawe, wako wapiga ngoma, wako makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kituo hata kituo. Katika mwaka huu wa Jubilei kila mtaa ungeweza kumchagua kijana mmoja mwenye daftari, amwendee mzee mmoja, akae chini, aanze kuuliza. Na tafadhali, safari hii aanze na akina mama.